Moyo wa Mkalimani

Kazi yake ilikuwa kusema "mimi" badala ya watu wengine.

Siku yangu ya kwanza pale mahakamani Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilifika na barua yangu ya ajira mkononi. Nikachungulia ndani nikitafuta wa kumwuliza. Nikamwona mtu mzima wa heshima zake, shati jeupe lililotiwa wanga, suruali yenye mstari wa pasi, amesimama karibu na kizimba akimwambia hakimu kwa sauti ya utulivu: "Ni kweli, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemchukua yule mbuzi. Lakini yeye ndiye aliyeanza kunifuata."

Nilisikitika. Nikajisemea moyoni, kumbe huku pwani hata mtu kama huyu huiba mbuzi! Ndipo nikamwona mwanamume aliyeinama kizimbani, ananong'ona Kigiriama, na yule mwenye shati jeupe amemtegea sikio. Nikaelewa kwamba mbuzi hakuwa wake, wala wizi haukuwa wake. Kilichokuwa chake ni Kiswahili tu.

Tulimwita Mkalimani. Jina alikuwa nalo, na nimelipiga chapa mara nyingi kwenye karatasi za serikali, lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Mama yule akija kumletea chakula cha mchana alisimama mlangoni akauliza, "Mkalimani yupo?" kana kwamba anaulizia ofisi.

Meza yangu ilikuwa chumba cha pili, na kwa ajili ya joto mlango wa katikati haukufungwa kamwe. Kwa hiyo kwa miaka sita nilisikia sauti yake zaidi kuliko nilivyoisikia sauti ya mtu mwingine yeyote duniani. Nilimsikia akiwa mjane aliyenyang'anywa shamba. Nilimsikia akiwa mlevi aliyevunja kiti cha wenyewe. Nilimsikia akiwa binti wa miaka kumi na minane anayekataa kuolewa, na siku hiyo naapa sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo. Hakuwahi kusema "anasema kwamba." Aliliona jambo hilo kuwa uvivu. "Ukisema 'anasema'," aliniambia, "umeshajitoa. Umemwacha mwenzio peke yake kizimbani. Neno halina miguu, mwanangu, hubebwa. Sasa wewe ukilibeba kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba panya, nani ataliamini?"

Misemo ya namna hiyo alikuwa nayo tele, na mingine sikuielewa. Alisema mtu hudanganya kwa Kiswahili, lakini ukimkasirisha husema kweli kwa lugha ya mamaye. Alisema hakimu mzuri ni yule mwenye tumbo lililoshiba na viatu visivyobana. Alisahihisha Kiswahili cha kila mtu. Mimi mtu wa Taita nilisahihishwa asubuhi na jioni, na sikujali. Polisi walisahihishwa. Hata hakimu mwenyewe, mtu wa bara, siku moja alisema "hii mtu" mbele ya umati, na Mkalimani akakohoa kidogo, akainamisha kichwa, akasema, "Mtu huyu, Mheshimiwa. Kwa kumbukumbu za mahakama."

Hakimu akatabasamu. "Mtu huyu," akasema.

Mtu angeniuliza kama alikuwa mwoga, ningemcheka. Mwaka wangu wa pili nyoka aliingia chumba cha mafaili, na sisi wote, askari wenye bunduki wakiwamo, tulikimbilia barabarani. Mkalimani aliingia na ufagio na gunia. Akatoka baada ya muda, gunia linacheza, akaenda kulimwaga vichakani akisema yule naye ana kesi yake, hajapangiwa tarehe. Siku nyingine mtu aliyeshindwa kesi ya mpaka alimngoja uani na panga, akimlaumu kwamba amegeuza maneno yake. Mkalimani alimwendea polepole, akamwambia kwa Kigiriama jambo ambalo hakuna aliyetutafsiria, na yule mtu akaketi chini, akalia. Panga lilibaki kwenye ngazi mpaka mchana, hakuna aliyetaka kuliokota.

Lakini mtu huyohuyo hakuweza kupanga foleni posta.

Nilichelewa kuliona hilo, maana alilificha kwa ustadi. Barua zake nilimpelekea mimi, ati kwa sababu napita njia hiyo. Benki alikwenda mkewe. Kanisani alikaa nje, chini ya dirisha, akisema anachunga baiskeli za waumini, na baiskeli zenyewe wakati mwingine zilikuwa mbili. Ndani ya chumba chochote alijua mlango uko wapi kabla hajajua nani amekaa wapi. Alitembea na chupa ya maji na kipande cha ndimu ndani ya leso. Na mara kwa mara, akidhani hatumwoni, alitia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, akaangalia saa ya ukutani, midomo ikicheza. Nilidhani ni sala. Alikuwa akihesabu mapigo ya moyo.

Kivuko cha Kilifi ndicho kilichonifungua macho. Enzi hizo daraja halikuwapo. Ukitaka kwenda Mombasa ulishuka Kilifi, ukavuka kwa feri hadi ng'ambo. Binti yake wa kwanza aliposwa na kijana wa Junju, huko kusini karibu na Mtwapa, na harusi ikapangwa Jumamosi. Sisi wa ofisini tulichanga, tukakodi gari, tukaenda. Mkalimani hakuja. Alisema ana kesi ya dharura. Mahakama haikai Jumamosi, na kila mtu aliyekuwa ndani ya lile gari alilijua hilo, lakini hakuna aliyelisema. Bibi harusi alikaa kwenye mkeka wake akitazama barabara mpaka wali ukapoa. Mjomba ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Jumatatu nilimkuta Mkalimani mezani pangu kabla yangu. Hakunisalimu kwanza, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Alivaaje?" akauliza.

Nikamweleza nguo, na maua, na hina, na nyimbo. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alisema, "Nilifika Kilifi. Usimwambie mtu. Nilifika mpaka pale magari yanaposhukia kwenye feri. Nikaona watu wamejaa, lango linafungwa, na maji pande zote. Moyo wangu ukaanza. Nikarudi."

"Ukaanza nini, Mzee?"

"Kufa," akasema.

Tangu siku hiyo nikawa mtunza siri, na polepole nikaijua habari yote. Mara ya kwanza ilimpata sokoni, ananunua samaki, mchana kweupe, hana wazo lolote baya. Moyo ulianza kupiga mbio kama uliotumwa. Kifua kikabana. Vidole vikaingia ganzi, na midomo pia. Jasho la baridi likamtoka, miguu ikawa ya mtu mwingine, na watu wote pale sokoni wakawa kama wako nyuma ya kioo, anawaona wakizungumza na sauti zinamfikia kwa mbali. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anakufa. Aliketi juu ya kikapu cha mwenye samaki akingojea. Hakufa. Baada ya robo saa alikuwa mzima, amechoka kama aliyelima siku nzima, na amevunja kikapu cha mtu.

Kilichofuata ndicho kilichomharibia maisha zaidi. Aliogopa isije ikarudi. Sokoni hakwenda tena. Ikampata kwenye basi, akaacha basi, akawa mtu wa baiskeli. Ikampata kanisani katikati ya wimbo, akahamia dirishani. "Nchi yangu inapungua," aliniambia. "Kila mwaka serikali hii inanichukulia mtaa mmoja."

Alikuwa na yakini kwamba ni moyo. Alipimwa zahanati tatu tofauti, na kila mahali waliusikiliza wakasema hauna neno. Badala ya kufurahi alinuna. Aliona wamekosa kuuelewa, kama wakalimani wabaya. Mkewe, mama jasiri asiyependa mzunguko, alimpeleka Jilore kwa mganga aliyeheshimika, naye akasema kuna aliyemfanyia kijicho kwa sababu ya kazi yake. Alimfukiza, akamfunga hirizi. Mkalimani alikwenda kwa adabu zote. "Yule mzee," aliniambia baadaye, "alinishika mkono nusu saa nzima akinisikiliza. Dawa sijui, lakini ule mkono ulinifaa." Kisha wakaenda kwa mchungaji, akawaombea na kuuliza kama kuna dhambi iliyofichwa. Mkalimani alifikiri sana, akaungama kwamba aliwahi kuficha redio ya shemeji yake. Redio ikarudishwa. Hofu ikabaki.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kesi ya shamba. Ajuza mmoja kutoka bara ya Malindi alikuwa akidaiwa kwamba si mke halali wa marehemu, na kwa hiyo shamba alilolima tangu ujana si lake. Chumba kilijaa pomoni, watu wamesimama mpaka madirishani. Shahidi wake mkuu, mzee aliyeshuhudia mahari ikitolewa, alikuwa akieleza kwa Kigiriama siku hiyo ilivyokwenda. Nami niko kwenye meza yangu, nasikia Mkalimani akisema: "Mimi nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekishika kibuyu cha tembo la mnazi kwa mikono yangu hii, na babake bibi huyu akasema, mbele yetu sote, akasema..."

Kimya.

Nikanyanyua vidole kwenye mashine ya kupigia chapa. Nikangoja. Shahidi akarudia maneno yake kwa Kigiriama, akidhani hayakusikika. Kimya tena. Kisha nikasikia hatua za haraka, na Mkalimani akapita mbele ya meza yangu, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono kifuani, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata. Nilimkuta ameshikilia bomba la maji la ukutani kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

"Nakufa, mwanangu," akasema. "Leo ndiyo yenyewe. Mwite mamako."

Hakufa, lakini kesi iliahirishwa, na maneno ya mji yakaanza kabla watu hawajatoka uani. Wengine walisema amehongwa ili ushahidi usifike mwisho. Wengine walisema upande wa pili wamemfunga ulimi. Yule ajuza alipita mbele yake akiegemea fimbo, akamtazama tu. Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu.

Hakimu alimwita chumbani kwake, na Mkalimani akaomba niwepo.

"Nimesikia wanayosema nje," hakimu akaanza. "Sitaki kuyaamini. Lakini nipe kitu cha kuamini badala yake."

Mkalimani, mtu aliyeweza kuyasema ya kila mtu, akanigeukia mimi. Ndipo nikasema, kwa Kiswahili changu kibovu cha Taita, yale niliyoyajua: soko, basi, dirisha la kanisa, feri. Niliposema feri aliinamisha uso.

Hakimu alilifunga faili lililokuwa mbele yake. "Una wiki mbili," akasema. "Nenda hospitali, na uende kwa mtu atakayekusikiliza. Kesi hii itakungoja. Usiporudi, nitatafuta mkalimani mwingine, na sipendi."

Nikapewa ruhusa ya kumsindikiza. Tulikwenda asubuhi ya Alhamisi. Alikubali kukaa kwenye benchi kwa sharti kwamba liwe la mwisho, karibu na bustani. Daktari tuliyekuwa tukimngojea alikuwa kijana wa bara, mrefu, aliyesomea magonjwa ya akili na hofu. Tulikuwa hatujaitwa bado muuguzi alipotoka chumbani, akaangaza macho, akamwona.

"Mzee wa mahakamani! Afadhali. Njoo utusaidie. Kuna mama humu hajui Kiswahili, na mwenzetu anayetutafsiria leo hayupo."

Mkalimani akaniangalia. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akanyoosha shati, akaingia. Mlango uliachwa wazi nusu kwa ajili ya joto, na mimi nilibaki kwenye benchi hatua tatu kutoka pale. Kigiriama sikukijua. Nilichosikia ni Kiswahili chake peke yake.

"Mimi nilikuwa nikichota maji kisimani," akaanza, sauti ileile ya mahakamani. "Nilikuwa sina shida yoyote. Mara moyo wangu ukaanza kwenda mbio." Akatulia, mama akasema zaidi. "Mikono yangu ikaingia ganzi. Pumzi haikutosha. Wenzangu walikuwa wakinisemesha nami nawaona kama wako mbali." Akatulia tena. "Tangu siku hiyo siendi tena kisimani. Naogopa, si kisima, naogopa isije ikanirudia pale. Sasa sokoni pia siendi. Mume wangu anasema mimi ni mvivu."

Mama akaongeza jambo, sentensi moja ndefu iliyokatika mwishoni. Nikangoja niisikie kwa Kiswahili. Haikuja.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Kimya kile kile cha mahakamani. Nilikuwa nimeshasimama.

"Anasema," akasema Mkalimani, na katika miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitumia neno hilo, "anasema kwamba anahisi anakufa, na watu wanamtazama tu, na hana lugha ya kuwaambia."

Daktari hakuharakisha. Nilisikia akimpima mama, akimuuliza maswali juu ya usingizi, juu ya damu, juu ya watoto aliozaa. Kisha akasema, "Mwambie mama nimesikiza moyo yake. Iko sawa."

"Moyo wake," akasema Mkalimani. "Uko sawa." Hata pale!

"Uko sawa," daktari akakubali. "Mwambie haendi kuwa kichaa na hafi. Hii ni hofu yenyewe, na ni ugonjwa unaojulikana, watu wengi wanao. Mwili ukiona hatari hujitayarisha kukimbia. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, jasho hutoka. Sasa kwake yeye inakuja bila hatari. Ni kama mbwa wa nyumba anayebweka na mwizi hayuko. Mbwa ni mzima, lakini wenye nyumba hawapati amani. Mwambie ikianza itapanda, itafika juu, halafu itashuka yenyewe, hata asipofanya kitu. Akikimbia, mbwa atadhani kweli kulikuwa na mwizi, na kesho atabweka zaidi."

Mkalimani akayageuza hayo yote kwa Kigiriama. Ilimchukua muda mrefu kuliko daktari. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilisikia sauti yake ikipungua kasi, ikirudi nyuma, ikirudia, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Mama akauliza swali. Akamjibu bila kumngoja daktari. Akauliza lingine. Akamjibu tena, na safari hii nikamsikia mama akitoa kicheko kidogo, cha mshangao.

Kisha Mkalimani akasema kwa Kiswahili, "Na mimi, daktari."

"Na wewe nini, Mzee?"

"Yote aliyoyasema huyu mama. Toa kisima, tia feri."

Ningependa kusema kwamba alitoka pale amepona. Alitoka pale amekasirika. Njiani alininung'unikia kwamba amepoteza miaka minne akiulinda moyo usioumwa, na kwamba ile hirizi ilimwasha shingo bure. Lakini kesho yake alikuja na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kikarani, mambo aliyoambiwa: avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, asitafute mapigo mkononi, asikimbie, aongeze kidogo kidogo, na apunguze kahawa. La kahawa alilikata kwa mstari.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Tulianza na posta. Siku ya kwanza tulisimama mlangoni tu, tukahesabu stempu zilizobandikwa kwenye ukuta wa matangazo, tukarudi. Siku ya pili aliingia foleni, watu watatu mbele yake, na wa pili alipochelewa akanigeukia macho yamemtoka. "Imekuja."

"Basi ikae," nikasema. "Sisi tuna barua ya kutuma."

"Wewe hujui ilivyo!"

"Sijui. Nieleze."

Akanieleza, palepale, kwa sauti ya chini: sasa iko kifuani, sasa iko vidoleni, sasa shingo. Akaieleza kama anayemtafsiria mshtakiwa. Na alipokuwa akieleza, foleni ikasogea. Karani akamwuliza anataka nini, akasema, "Stempu moja," na sauti ilitetemeka kidogo tu. Tulitoka nje akaketi kwenye ukingo wa maua, akacheka mpaka machozi, akinionyesha ile stempu kama kombe la mpira.

Wiki iliyofuata alishindwa. Akakaa nyumbani siku mbili akisema daktari ni mtoto mdogo, hajui lolote. Mkewe akaja ofisini akaniambia, "Njoo umchukue mwenzio, amenichosha." Nikaenda. Tukaanza tena mlangoni.

Kesi ya ajuza iliporudi, chumba kilijaa maradufu, maana watu walikuja kumtazama yeye kuliko kuisikiliza. Nami siku hiyo niliiacha mashine nikasimama kwenye mlango wa katikati. Kabla ya kuanza alimwomba hakimu ruhusa ya kusema neno lake mwenyewe.

"Mheshimiwa, mimi," akasema, akasita, maana hapakuwa na mtu nyuma ya neno hilo ila yeye, "mimi nina ugonjwa wa hofu. Si moyo, si hongo, wala si ulimi uliofungwa. Huja ukaondoka. Ukija, nitainua mkono. Naomba mahakama inisubiri, na nitarejea."

Nilimwona askari mmoja wa mlangoni, mtu wa mabavu, akimtazama kwa namna ya ajabu, na baadaye askari huyo alimfuata uani wakazungumza faraghani muda mrefu. Hilo si langu kulisimulia.

Shahidi akapanda. Baada ya nusu saa Mkalimani akainua mkono. Hakimu akaweka kalamu chini. Tulingoja sote, wadai na wadaiwa, watu wa madirishani, yule ajuza na fimbo yake. Niliona mabega ya Mkalimani yakipanda na kushuka. Nilihesabu dakika saba. Akashusha mkono, akamwambia shahidi jambo kwa Kigiriama, kisha akaendelea: "Babake bibi huyu akasema mbele yetu sote: kuanzia leo, binti yangu ni mke wa huyu, na shamba hili watalilima pamoja." Ajuza alishinda. Alipotoka alimshika Mkalimani kidevu, kama anavyoshikwa mtoto, akaenda zake.

Ya feri sikuyaona, nilihadithiwa na mkewe. Binti wa Junju alikuwa amejifungua, na alikuwa hajazungumza na babake tangu harusi. Walishuka kwenye feri asubuhi, yeye na mkewe, na lango lilipofungwa alimshika mama yule mkono mpaka pete ikamwingia nyamani. Hakumtazama mtu. Alisema peke yake njia nzima, "Inapanda, inapanda, imefika juu, ngoja, ngoja." Abiria mmoja akadhani anazungumzia maji, akaanza kuogopa naye, ikabidi mama atulize watu wawili. Walipofika Junju binti alikuwa anaanika nguo. Alimwona babake anaingia uani, akaiacha kanga idondoke mchangani. "Amekuja," mama aliniambia, "basi. Hakumwuliza neno. Alimpa mtoto."

Mimi nilihamishiwa Kilifi mwishoni mwa miaka hiyo, naye akastaafu, akarudi kwao Jilore kulima. Mara ya mwisho tulipokutana kwa kirefu ilikuwa pale stendi ya Kilifi, kwenye kibanda cha chai, siku ya soko, watu wengi na kelele. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mara tatu, akaniagizia mahamri bila kuniuliza. Alikuwa amekonda, mvi zimeenea, na alikuwa na kisa.

"Sikukuu ya mavuno," akasema, "watu wameleta mihogo, kuku, mahindi. Mtu mmoja ameleta beberu, akamfunga kwa kamba mbovu. Mchungaji amepanda mimbarini, ameweka hotuba yake, kurasa kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe. Akasema, tusimame tuombe. Tukafumba macho. Yule beberu akakata kamba, akaja taratibu katikati ya kanisa, akaweka kwato mbili juu ya mimbari..."

Akanyamaza. Kikombe alikirudisha mezani polepole. Niliuona uso ukibadilika rangi, na jasho likianza juu ya mdomo.

"Imekuja?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Hakusimama. Hakutia vidole kwenye kifundo cha mkono. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavuta pumzi, akaitoa, macho yake kwenye mvuke wa sufuria. Mwenye kibanda akaja kuuliza kama tuongezewe chai, nikamwashiria asubiri. Utingo alikuwa akiita abiria wa Malindi. Mtu akapita na kuku waliofungwa miguu. Mimi nilikula hamri langu, kwa sababu nilijua hapendi kutazamwa, na nikangoja pamoja naye kama mtu anavyomngojea mwenzake afunge kamba ya kiatu.

Akajipangusa uso kwa leso. Rangi ikarudi.

"Kurasa kumi na mbili," akasema. "Tulipofumbua macho, ilikuwa imebaki moja tu, nayo iko mdomoni. Mchungaji akaitazama ile karatasi, akatutazama sisi, akasema, 'Ndugu zangu, pendaneni. Amina.' Mwanangu, sijapata kusikia mahubiri mazuri kama yale tangu nibatizwe. Sasa wazee wamekaa kikao. Wako wanaotaka yule beberu achinjwe, na wako wanaotaka apewe kiti barazani."

"Na wewe uko upande gani?"

"Mimi?" akasema, akichovya hamri ndani ya chai. "Mimi nimemnunulia kamba mbovu nyingine."